Steki kwenye grili ya peleti inatoka kijivu na ngumu, nisaidieni kabla ya Jumapili

BabaNduku_Ruaka

Wadau habari zenu. Ndugu yangu mkubwa anaishi Dallas, na mwaka huu alipata nafasi kwa kontena akanitumia grili ya peleti, ile inatumia vijiti vifupi vya unga wa mbao ulioshindiliwa, unajaza tangi la pembeni, unachagua joto, inajilisha yenyewe. Nimeiweka nyuma ya nyumba chini ya mabati na kusema ukweli kuku imenitokea vizuri sana mara mbili, mbavu za mbuzi pia zikaenda fiti. Shida ni steki. Nimejaribu mara tatu na zote tatu imetoka kijivu juu mpaka chini kama imechemshwa, haina ule ukoko wa nje, na kuitafuna ni kazi, mpaka watoto wakaacha kwa sahani.

Nachofanya ni hivi: naenda bucha naitisha steki kilo mbili, inakatwa vipande vya unene wa kidole, naosha, naweka limau na chumvi na Royco kidogo, naacha lisaa limoja. Grili naseti 450 ya Farenhaiti lakini haifiki, inapanda mpaka 360 hivi inakwama hapo hata nikingoja nusu saa. Naweka nyama dakika 30, nikitoa ndio hiyo kijivu. Transfoma ya kushusha stima niko nayo, peleti ni zile za hikori, mti wa huko Marekani, zilikuja na mzigo, mfuko mmoja nilifungua mwezi wa nne.

Sasa Jumapili mzee wangu anakuja kutoka Makueni akae na sisi wiki moja. Yeye ndiye alinifunza kuchoma nyama nikiwa darasa la nne, kila Krismasi alikuwa ananipa upande mmoja wa moto niuchunge. Sahii ako na miaka 76 na meno si yale ya zamani. Nataka nimpe steki laini, aikate kwa kisu bila kupigana nayo. Na hataki kuona damu kwa sahani kabisa. Mnanishauri aje?

Mlanyama_Kariokor

Mkuu kabla ya mashine tuongee nyama, juu naona makosa makubwa yako huko. Ukienda bucha zetu za kawaida ukaitisha steki unapewa nyama yoyote haina mfupa, basi. Hiyo ndio maana ya steki pale kwa kaunta, ni tofauti na "ya mifupa". Mara nyingi inatoka paja la nyuma au bega, misuli ng'ombe ametembea nayo kutoka Kajiado mpaka leo, na hiyo nyama ni tamu sana lakini kwa sufuria, masaa mawili na nyanya na vitunguu. Ukiipiga moto mkavu lazima ikukatalie, hata kama uko na grili ya milioni.

Unachotaka ni nyama ya mgongo. Mgongo haufanyi kazi nyingi kwa hivyo nyuzi zake ni laini. Taja jina lenyewe: ribai, sirloini, tiboni ama fileti. Fileti ndio laini kushinda zote lakini haina mafuta na ladha yake ni ya upole, mimi kwa mzee ningechukua ribai juu ile mistari ya mafuta ndani inayeyuka na inafanya nyama isikauke hata ukiivisha zaidi kidogo. Ukipata ya ng'ombe wa aina ya Boran kutoka ranchi za Laikipia utafurahi. Usikubali ikatwe ukiwa umegeuka, mwambie akutolee kipande kizima na akate mbele yako, unene wa sentimita 4, hiyo ni vidole viwili vipana vikikaa pamoja. Kipande cha unene wa kidole kimoja hakiwezi kupata ukoko nje na kubaki na maji ndani, kinaiva chote kabla nje haijabadilika rangi.

Na kitu kingine. Nyama nyingi ya hapa Nairobi imechinjwa usiku, alfajiri inaning'inia kwa ndoano, saa sita iko kwa moto. Mnyama akichinjwa misuli inakaza, na inachukua siku kadhaa kulegea, kuna vimeng'enya ndani ya nyama yenyewe vinakata zile nyuzi polepole ikiwa kwa baridi ya nyuzi 0 hadi 4 za Selsiasi. Steki nzuri imelala siku 14 mpaka 21 ikiwa imefungwa vakyumu, yaani kwa plastiki iliyotolewa hewa. Kuna bucha na supamaketi zinauza hivyo, uliza "hii imelala siku ngapi", akishindwa kujibu songa mbele. Ukikosa kabisa, nunua leo Jumatatu, ifungwe vakyumu, ilale kwa friji yako mpaka Jumamosi, hata hizo siku tano zitasaidia.

Usioshe nyama tafadhali. Unaijaza maji juu ndio baadaye ungoje yakauke kwa moto, na unarusha vijidudu kwa sinki yote. Limau pia wacha, asidi ndio inaanza kuigeuza rangi ya kijivu kabla haijaona moto.

Fundi_wa_Mota

Mimi niongee hiyo mambo ya kukwama 360 juu nimefungua grili kama hiyo ya jirani hapa Syokimau ikiwa na ugonjwa huo huo.

Marekani stima yao ni voliti 120 na hezi 60, yaani mizunguko 60 kwa sekunde. Yetu ni voliti 240 na hezi 50. Transfoma yako inashusha voliti pekee, hezi haiguzi kabisa, zinaingia 50 zinatoka 50. Sasa ndani ya grili kuna parafujo ndefu inasukuma peleti kutoka kwa tangi mpaka kikombe cha moto, na kuna feni ya kupuliza. Kama mota zake ni za AC, hizo zinakimbia kulingana na hezi, maana yake parafujo yako inazunguka pole kwa karibu asilimia 17 kuliko ilivyotengenezwa, na feni pia imepungua nguvu. Ukiwa kwa joto la chini hutaona shida, kontrola inaona baridi inaiwasha parafujo muda mrefu zaidi inafidia, ndio maana kuku yako ilikuwa sawa. Lakini ukiitisha moto wa juu kabisa parafujo tayari inazunguka bila kupumzika na hakuna pengine pa kuongeza. Ongeza hapo kwamba Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, oksijeni inayofikia moto ni kidogo. Soma kibandiko kwa mota, ukiona imeandikwa DC basi hezi si shida yako, tafuta kwingine.

Kwingine ni wapi? Huo mfuko ulifungua mwezi wa nne, wakati wa mvua. Chukua peleti moja uivunje, nzuri inakatika na mlio na inang'aa kwa nje, iliyolowa inamumunyika kama biskuti kwa chai. Iliyolowa usitumie hata moja, inafura ndani ya parafujo inakauka kama simiti na kuitoa ni kulia. Nunua ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza uweke peleti humo ndani ya nyumba, usiziache kwa tangi. Kisha ondoa jivu kwa kikombe cha moto kila baada ya kupika mara mbili tatu, jivu likijaa hewa haipiti.

Transfoma iwe ya wati 500 kwenda juu, wakati wa kuwasha ile chuma ya kuwashia inavuta kama 300 hivi, baada ya hapo inashuka sana. Na stima ikipotea ukiwa katikati ya kupika usiondoke hapo, feni ikisimama moto unaweza kurudi nyuma kufuata peleti kuelekea kwa tangi. Ikirudi usiiwashe tu, ngoja ipoe, toa peleti zilizorundikana kwa kikombe ndio uanze upya. Ukiwasha na kikombe kimejaa, moshi mzito unajaa ndani halafu unashika moto kwa mpigo, nimeona mfuniko ukiruka.

Kamau_wa_Choma

Buda mimi naona unachanganya mambo, steki unaanza na moto mkali kwanza ili kufungia maji ndani, halafu ndio unapeleka polepole. Babu zetu walikuwa wanafanya hivyo.

MamaJikoni_SouthB

Kamau ndugu yangu hapo nakukatalia kwa heshima. Hiyo ya kufungia maji ilienezwa na mwanakemia Mjerumani, Justus von Liebig, karne ya 19, na watu walishaipima kwa mizani mara nyingi, nyama iliyobabuliwa kwanza haibaki na maji mengi kuliko ingine. Hata wewe sikiliza, ukibabua nyama unasikia ikilia "chwaaa" muda wote, hayo ni maji yanatoka. Kubabua ni kwa ajili ya ladha na ukoko. Mfaransa Maillard alieleza mwaka 1912 jinsi protini na sukari zinavyogeuka rangi na harufu zikipata joto, na hiyo inaenda kasi uso wa nyama ukipita nyuzi 140 za Selsiasi. Uso wenye maji hauwezi kufika huko, hapa kwetu maji yanachemka kwa 94 hivi na uso unabaki hapo hapo mpaka ukauke.

Kwa hivyo Baba Nduku, usipigane na hiyo mashine ikupe moto mkali. Joe Traeger alipoitengeneza kule Oregon, hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, ilitoka 1986, alichukua wazo la majiko ya peleti ya kupasha nyumba. Ukiangalia ndani utaona kuna bamba la chuma juu ya moto na trei ya mafuta juu ya hilo bamba, nyama yako haioni moto hata kidogo. Ni ovena yenye moshi. Ni ovena nzuri sana, inashika joto moja saa nzima bila wewe kupepea, hicho ni kitu jiko letu haliwezi. Na jiko letu linatoa moto ambao hiyo mashine haitawahi kutoa. Tumia zote mbili: moshi na kuiva ndani kwa mashine, ukoko kwa jiko la mkaa.

Mimi nafanya hivi. Jumamosi usiku natia chumvi, gramu 10 kwa kilo, hakuna kitu kingine, naweka kwa waya juu ya sahani ndani ya friji bila kufunika. Chumvi inavuta maji, halafu hayo maji yanarudi ndani na chumvi yake, na uso unakauka kama ngozi ya ngoma. Jumapili naitoa kwa friji inaenda moja kwa moja kwa grili ikiwa baridi, msinifunze ile ya kuacha nyama ipate joto la chumba, nyama baridi inashika moshi vizuri zaidi. Grili iko 225 ya Farenhaiti, hiyo ni 107 yetu. Kwa joto hilo peleti zinaungua pole na moshi ni mwingi, ukipanda juu zinaungua safi na moshi unaisha, kwa hivyo zile 450 zako hata moshi hukuwa unapata.

Thamomita ya kudunga ni lazima, nunua hiyo hata kabla ya nyama. Ile ya mfuniko inapima hewa na mara nyingi inadanganya. Dunga kutoka ubavuni mpaka katikati ya kipande. Sentimita 4 inachukua dakika 45 mpaka saa nzima hivi, na usifungue fungue mfuniko.

Ikikaribia nusu saa washa jiko, lile la udongo ndani, mkaa wa mgunga kama unapata, ujae na uwe mwekundu wote na jivu jeupe juu, usitumie mafuta ya taa kuwasha juu harufu inabaki. Weka kikaango cha chuma kizito, pale Kamukunji jua kali wanakutengenezea hata bamba nene tu la kuweka juu ya jiko. Liache dakika kumi mpaka tone la maji likimbie juu yake. Nyama itoke kwa grili, ipanguse na taulo ya karatasi, mafuta ya kupikia kidogo juu ya nyama, si kwa chuma, halafu geuza kila sekunde 30, jumla kama dakika mbili mbili na nusu. Ukingo wa mafuta usimamishe wima na koleo mpaka ulie. Pilipili manga weka mwisho, ukiiweka mwanzo inaungua inakuwa chungu. Ipumzike dakika tano. Kata kukinza nyuzi, yaani kisu kipite juu ya nyuzi si kufuatana nazo, kwa mtu wa meno machache hii peke yake inasaidia kama nusu ya kazi yote.

BabaNduku_Ruaka

Mmenifungua macho wakubwa, asanteni. Nimeenda kuangalia mota, imeandikwa AC, na peleti nimevunja tano zote zimemumunyika. Mfuko wa pili haujafunguliwa, huo uko sawa.

Mama South B umesema thamomita lakini hukusema itoke kwa grili ikiwa ngapi. Nimeona Wamarekani wanakula ikiwa 54, hiyo mzee hawezi gusa, atasema nimempa nyama mbichi. Na mke wangu anauliza mambo ya tegu. Je nikiivisha mpaka damu iishe si itarudi kuwa ngumu?

Veti_Mstaafu

Kijana, mkeo ameuliza swali la maana. Nimekagua nyama miaka mingi kwa hivyo acha nikujibu.

Kwanza ile maji nyekundu si damu. Damu ilitoka siku ya kuchinja. Hiyo ni maji ya nyama yenye protini inaitwa mayoglobini, ndiyo inaipa nyama rangi, na inabadilika kuwa kahawia kadiri joto linavyopanda. Mweleze mzee hivyo kwa upole, lakini usimlazimishe, mtu wa umri wake anastahili kula nyama anayoiamini.

Tegu wa ng'ombe yuko kweli katika mifugo yetu. Mkaguzi anapasua misuli ya taya na moyo na kuangalia ulimi akitafuta vile vifuko, ndipo mhuri unagongwa. Kwa hivyo nunua yenye mhuri, na usione aibu kuuliza uonyeshwe. Kwa joto, kipande kizima kikifika 63 katikati na kupumzika dakika tatu kiko salama, kwa mzee wa miaka 76 mimi singeshuka chini ya hapo. Nyama ya kusaga au ile iliyopitishwa mashine ya visindano kulainishwa ifike 71, maana vijidudu vya nje vimeshaingizwa ndani. Mkitaka uhakika zaidi, friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili inaua hivyo vifuko, lakini kwa Jumapili hii mmechelewa.

Sasa hesabu: itoe kwa grili ikiwa 55 au 56, kwa jiko itapanda mpaka kama 61, na ikipumzika inajiongeza yenyewe nyuzi mbili tatu hivi. Hapo katikati ni waridi hafifu sana, maji yake ni mepesi karibu hayana rangi, na ribai ikiwa hapo bado ni laini. Ikifika 70 ndipo nyuzi zinakamua maji yote. Kati ya 63 na 70 uko na nafasi, usiogope.

Wambo_Githunguri

Kitu kidogo tu. Hizo peleti za hikori zikiisha usidanganyike ununue zile peleti za majiko na boila zinauzwa hapa nchini, nyingi ni unga wa mbao wa saipresi na paini au taka za karakana zenye gundi na rangi. Saipresi na paini zina utomvu, moshi wake ni mchungu na masizi yanakaa kwa nyama. Uliza ndugu yako akutumie zingine za chakula. Ukitaka zidumu, huku kwetu tukikata mibuni mikavu inabaki ile miti ya kahawa, ni mbao ngumu na moshi wake ni mtamu kabisa kwa ng'ombe, kipande kimoja kikavu kama ngumi unakiweka juu ya lile bamba la chuma pembeni ya trei. Moshi unaongezeka bila kutumia peleti nyingi. Mparachichi na mpera pia nimejaribu, mpera ni mzuri, mparachichi sikuona tofauti.

BabaNduku_Ruaka

Wadau narudisha jibu. Leo Jumatatu na nyumba bado inanukia.

Nilipata ribai iliyolala siku 18, vipande vitatu, muuzaji alinikatia sentimita 4 kwa rula kabisa. Chumvi Jumamosi usiku kama mama alivyosema, asubuhi nilikuta uso umekauka na umekuwa mwekundu wa giza mpaka nikadhani imeharibika, mke wangu akanusa akasema iko sawa. Grili 225, haikusumbua hata kidogo, ilikaa hapo hapo. Niliweka gogo la mti wa kahawa nililotoa kwa jirani ambaye kwao ni Kiambu. Dakika 52 thamomita ikasoma 55.

Jiko ndio lilikuwa kazi. Nilikuwa nimewasha kuchelewa, mkaa ulikuwa haujashika wote, nikangoja dakika nane nyama ikiwa kwa sahani imefunikwa. Hapo mzee akatoka nje, akatazama jiko, akachukua mfuniko wa sufuria akaanza kupepea bila kusema kitu, na baada ya muda mfupi mkaa wote ulikuwa mwekundu. Ni yeye aligeuza nyama. Nilimwambia kila sekunde 30 akanitazama, lakini akafanya. Ukoko ulitoka kahawia karibu nyeusi, sijawahi kuona kitu kama hicho kwa nyama yangu.

Ilipumzika zaidi ya dakika tano juu ya maombi, ikasoma 66. Nilikata kukinza nyuzi vipande vyembamba. Mzee aliangalia ile maji kwa ubao akauliza hii ni nini, nikamweleza vile Daktari alisema, akatafakari akasema basi sawa. Alimaliza sahani yake na akaongeza. Kuna wakati aliacha kuongea kabisa akawa anatafuna tu macho yamefungwa, na mimi nikashindwa kumeza changu vizuri.

Jumamosi kabla hajarudi Makueni amesema tuchome tena, na jiko ni lake, mimi nibaki na mashine. Nyama nimeshanunua. Swali moja tu kwa Mama South B: safari hii nimepata tiboni, upande wa fileti si utaiva kabla ya ule wa sirloini?

MamaJikoni_SouthB

Ndio utatangulia. Kwa grili geuza upande wa fileti uangalie sehemu yenye joto pungufu, kwa zangu nyingi ni mbali na bomba la moshi lakini pima yako na mkate uone panapobabuka kwanza. Dunga thamomita kwa sirloini, usikaribie mfupa utakudanganya. Kwa jiko mwambie mzee aisimamishe kwa mfupa dakika moja kabla ya kulaza. Atajua.